Ripoti za ajali za ndege: Neno lililoachwa hubebwa na abiria wa safari inayofuata

Mfanyabiashara aliyewahi kukwama Namanga, Mutukula au Rusumo kwa sababu ya tarakimu moja anajua karatasi inavyoweza kusimamisha lori. Ankara inasema matenga 240, cheti cha uasilia kinasema 204, na ofisa wa forodha hana namna ya kujua ipi ni kweli. Mzigo unashushwa, unahesabiwa upya, siku mbili zinapotea na nyanya zinaanza kutoa maji. Hasara hiyo inauma, lakini ina mwisho wake. Katika usafiri wa anga karatasi ina kazi ileile ya kumweleza mtu ambaye hakuwepo kile kilichotokea. Tofauti ni kwamba ikikosewa, hakuna nafasi ya kushusha mzigo na kuhesabu upya.

Kwa ukanda huu suala hilo si la nadharia. Ripoti nzito kuliko nyingi zilizowahi kuandikwa katika ujirani wetu, ile ya safari ET302 ya Ethiopian Airlines, hadi leo inasomwa kwa namna mbili, na sehemu ya sababu ni jinsi ilivyoandikwa na ilivyotolewa.

Asubuhi ya Machi 10, 2019 ndege aina ya Boeing 737 MAX 8 iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na mji wa Bishoftu, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa. Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa taifa lingine lolote. Njia hiyo ni ya wachuuzi pia: Addis Ababa ndiko wengi wa Nairobi, Entebbe, Kigali, Bujumbura na Dar es Salaam hubadilishia ndege wakienda kufuata bidhaa Guangzhou.

Sheria ya kimataifa ya uchunguzi iko katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Nchi ambako ajali imetokea ndiyo inayoongoza uchunguzi. Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Lengo lake limeandikwa bila kuzunguka: kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Kwa maneno mengine, msomaji anayelengwa na ripoti ni rubani wa kesho, fundi wa kesho na kampuni itakayonunua ndege kama ile.

Ethiopia ilitimiza siku 30. Aprili 4, 2019 Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dagmawit Moges, aliwaambia waandishi wa habari kwamba marubani walifuata mara kwa mara taratibu zote zilizotolewa na mtengenezaji, lakini hawakuweza kuidhibiti ndege. Kauli hiyo ilizunguka dunia kwa saa chache. Iliwapa heshima marubani waliokufa kazini, na ilielekeza macho Boeing, ambako ndiko yalikostahili kuelekea.

Tatizo lilikuwa neno "zote". Ripoti yenyewe, iliyotoka siku hiyo hiyo, ilikuwa na takwimu za kinasa safari ambazo mtaalamu akizisoma anaona picha yenye mikunjo. Rubani msaidizi alitaja swichi za kukata umeme wa bawa la mkia, na zikazimwa, kama utaratibu ulivyotaka. Lakini zaidi ya dakika mbili baadaye takwimu zinaonyesha bawa lile likisogezwa tena kwa umeme, jambo lisilowezekana kama swichi bado zimezimwa. Nguvu ya injini nayo ilibaki karibu na ile ya kurukia, mwendo ukazidi, na kwa mwendo ule gurudumu la kusogeza bawa kwa mkono likawa gumu kupita nguvu za binadamu. Hakuna sentensi katika ripoti ile iliyosema wazi kwamba swichi zilirudishwa. Msomaji aliachiwa aunganishe mwenyewe.

Kueleza hivyo si kuwalaumu marubani. Walikuwa na dakika sita, kengele zikilia kila upande, wakipambana na mfumo uliokuwa ukisukuma pua ya ndege chini kwa sababu ya taarifa za uongo. Yamkini walirudisha swichi kwa sababu mkono ulikuwa umeshindwa. Na hilo ndilo rubani wa kesho alilohitaji kuambiwa kwa herufi kubwa: kwamba utaratibu ulioko kitabuni, ndege ikiwa katika mwendo ule, unaweza kukufikisha mahali ambapo hauna msaada tena. Neno "zote" lilifunga mlango wa somo hilo. Waliotaka kuitetea Boeing walilikamata neno hilo na kusema ripoti inaficha, na waliotaka kuwatetea marubani walilishika kama ngao. Fundisho lenyewe lilibaki katikati likingoja.

Ili kuelewa kwa nini maneno machache yana uzito huo, inabidi kurudi nyuma miezi mitano, hadi Indonesia.

Usiku wa Oktoba 28, 2018 ndege ya Lion Air, pia 737 MAX 8, iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta. Mara tu baada ya kuacha ardhi, usukani wa nahodha ulianza kutikisika, ishara kwamba mitambo inaamini ndege inakaribia kushindwa kubaki angani. Uliendelea kutikisika karibu safari nzima. Pua ilisukumwa chini mara kadhaa. Nahodha alizima swichi za umeme wa bawa la mkia, akaendelea kwa mkono, na akatua salama Jakarta. Yaani ugonjwa ulijitokeza na dawa ikapatikana, usiku uleule.

Kisha nahodha akaandika katika daftari la ndege. Aliandika kwamba vipimo vya mwendo na vya kimo vya pande mbili havikubaliani, na kwamba taa moja ya onyo iliwaka. Hakuandika kwamba usukani ulitikisika njia nzima. Hakuandika kwamba alilazimika kuzima swichi. Mafundi wa Jakarta walisoma walichoandikiwa, wakasafisha walichodhani kinahusika, wakapima, wakaona sawa, wakatia saini. Asubuhi iliyofuata ndege hiyo hiyo iliondoka na watu 189 kama safari namba 610. Nahodha mpya alikutana na tatizo lile lile, bila kujua kwamba mwenzake alikuwa amelitatua saa chache kabla. Ilianguka katika bahari ya Java na hakuna aliyepona.

Kamati ya Usalama wa Usafiri ya Indonesia ilitoa ripoti ya mwisho ndani ya mwaka mmoja, Oktoba 2019, na kutaja mambo tisa yaliyochangia. Upungufu wa maelezo katika daftari lile ni mojawapo. Kati ya yote tisa, huo ndio uliokuwa rahisi kuliko mengine kuurekebisha. Kutengeneza upya programu ya ndege huchukua miezi na mabilioni. Kuandika sentensi mbili zaidi huchukua dakika moja.

Hata hivyo nahodha yule hakuwa na jina la kuandika. Mfumo uliokuwa ukisukuma pua chini unaitwa MCAS, na Boeing haikuwa imeueleza katika kitabu cha marubani. Novemba 6, siku nane baada ya ajali, kampuni hiyo ilituma taarifa kwa mashirika yote yenye ndege hizo. Taarifa ilieleza dalili na kukumbusha utaratibu wa kuzima swichi, lakini haikutaja MCAS kwa jina. Jina lilikuja siku chache baadaye, katika ujumbe mwingine. Duka la dawa likimwuzia mtu chupa yenye maelezo ya maumivu pasipo jina la dawa, mtu huyo atamezaje kwa uhakika? Marubani wa Addis Ababa, kama wenzao duniani kote, walipokea karatasi ya namna hiyo. Miezi minne baadaye walihitaji kuikumbuka ndani ya sekunde.

Kwa hiyo kabla ET302 haijaondoka ardhini, tayari kulikuwa na maandishi mawili yenye mapengo: daftari ambalo halikusema yote, na taarifa iliyoeleza kitu bila kukiita jina lake. Hapo ndipo ripoti ya Ethiopia ilipokuwa na kazi kubwa ya kufunga pengo.

Ripoti ya mwisho ilitoka Desemba 2022, karibu miaka mitatu na miezi tisa baada ya ajali. Ilisema chanzo ni MCAS kusukuma pua chini mara kwa mara kwa kutegemea kipimo kibovu kimoja, kile kinachopima pembe ya ndege dhidi ya upepo. Mpaka hapo hakuna mzozo. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilikubali. Boeing yenyewe, Novemba 2021, ilikuwa imekubali mbele ya mahakama ya Chicago kubeba dhima ya fidia kwa familia za waliokufa.

Mzozo ulikuja kwenye swali linalofuata: kipimo kiliharibikaje? Ethiopia iliandika kwamba ni hitilafu za umeme zilizokuwa ndani ya ndege tangu kiwandani. NTSB ya Marekani na BEA ya Ufaransa zilisema ushahidi unaonyesha kipimo kiligongwa na kitu kutoka nje, kwa uwezekano mkubwa ndege wa porini, muda mfupi baada ya kuruka. Zilisema pia kwamba ripoti haikutoa nafasi ya kutosha kwa namna marubani walivyoshirikiana na walivyoandaliwa.

Tofauti za kitaalamu ni kawaida, na Kiambatisho cha 13 kimezitengea njia. Rasimu hupelekwa kwa nchi zinazoshiriki, nazo hupewa siku 60 kutoa maoni. Nchi inayoongoza ama hurekebisha rasimu, ama huambatisha maoni hayo kwenye ripoti, nchi iliyoyatoa ikitaka. Msomaji anapata pande zote mbili katika jalada moja na kuamua mwenyewe. Kwa ET302 haikuwa hivyo. NTSB ililalamika hadharani kwamba maoni yake hayakuambatishwa, na badala yake ripoti ilielekeza wasomaji kwenye toleo la zamani la maoni, lililoandikwa kwa rasimu ya awali. Kati ya Desemba 2022 na Januari 2023 Wamarekani na Wafaransa walilazimika kuchapisha maoni yao wenyewe, kila mmoja kwake.

Yeyote aliyewahi kutumiwa ankara ya zamani wakati bei imeshabadilika anaelewa kero hiyo. Wasomaji wanaweza kubishana kama kuacha kuambatisha kulikuwa na sababu za kisiasa. Lakini kuelekeza kwenye toleo lisilo la mwisho ni jambo ambalo msomaji prufu mmoja mwenye orodha ya viambatisho mkononi angelikamata kabla ya chakula cha mchana. Ndege hizi zimerudi angani. Marekani iliziruhusu Novemba 2020, Ethiopian Airlines ikazirudisha kazini Februari 2022, na Air Tanzania ilipokea MAX 9 yake Oktoba 2023. Programu ya MCAS imebadilishwa. Somo la nini huharibu kile kipimo, umeme au ndege wa porini, limebaki na majibu mawili yanayohifadhiwa katika nchi tofauti.

Msomaji wa Kariakoo, Gikomba au Owino anaweza kuona kwamba haya ni mambo ya marubani na mawaziri. Si kweli. Ziko karatasi za usalama wa anga ambazo huandikwa na mwenye mzigo, na historia yake ni mbaya.

Mei 11, 1996 ndege ya kampuni ya ValuJet iliyokuwa ikitoka Miami kwenda Atlanta ilishika moto sehemu ya mizigo, ikaanguka kwenye vinamasi vya Everglades dakika kama kumi baada ya kuruka. Watu 110 walikufa. Ndani ya sehemu ya mizigo kulikuwa na maboksi matano ya mitungi midogo ya kuzalisha oksijeni, ile inayolisha vinyago vya abiria, pamoja na magurudumu matatu ya ndege. Mitungi hiyo haihifadhi hewa. Ina kemikali ambazo zikifyatuliwa hutoa oksijeni na joto kali. Ilikuwa imetolewa kwenye ndege nyingine zilizokuwa karakana kwa sababu muda wake wa matumizi ulipita. Karani wa karakana, akiandaa mzigo urudishwe kwa mwenyewe, alitaka iandikwe kwamba ni mitungi ya oksijeni, mitupu.

Haikuwa mitupu. Mingi haikuwa imefyatuliwa kabisa, na vifuniko vya plastiki vya kuzuia isifyatuke havikuwekwa, ingawa karatasi za kazi zilikuwa na saini kwamba kazi imefanyika. Vibandiko vilisema imepitwa na muda. Karani akaelewa imekwisha. Mpakiaji na rubani msaidizi waliisoma karatasi, wakaona neno "mitupu", wakaona hakuna hatari, mzigo ukapanda.

Kwa Kiswahili mtego huo ni mbaya zaidi. "Mtungi umeisha" mtu mmoja ataelewa gesi imemalizika ndani, mwingine ataelewa tarehe imepita. Dukani kila siku husikika "dawa imeisha", na mnunuzi hulazimika kuuliza: imeisha kwenye rafu au imeisha muda? Swali hilo dogo ndilo ambalo hakuna aliyeliuliza Miami.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mifuko ya wasomaji. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, ilikuwa imetoka Hong Kong, ikapitia Dubai na kuondoka kwenda Cologne, Ujerumani. Moto ulizuka kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani mpaka wakashindwa kuona vipimo, na ndege ikaanguka Dubai ikijaribu kurudi. Marubani wote wawili walikufa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Falme za Kiarabu ilipopitia ankara za mizigo iligundua kwamba angalau shehena tatu zilikuwa na betri za lithiamu za aina iliyopaswa kutangazwa kuwa mzigo hatari, na hazikuwa zimetangazwa hivyo. Marubani waliruka wakiwa na orodha isiyoeleza walichobeba.

Simu, spika za mkononi, taa za sola, pawabenki: hizo ndizo bidhaa zinazojaza mabegi na maboksi kutoka Dubai na Guangzhou kuja Afrika Mashariki. Na hapa maneno yana sheria. Betri ya lithiamu iliyo ndani ya simu, au iliyofungwa pamoja na kifaa chake, husafiri kwa namba UN 3481. Betri inayosafiri peke yake ni UN 3480, na tangu Aprili 1, 2016 ni marufuku kubebwa kama mzigo katika ndege ya abiria. Hata katika ndege ya mizigo isizidi chaji ya asilimia 30. Pawabenki, ingawa inaonekana kama kifaa, huhesabiwa kuwa betri peke yake. Abiria huruhusiwa kubeba ya kwake kwenye begi la mkononi, wala si kwenye begi la kukabidhi kaunta.

Sasa anayeandika kwenye fomu "vifaa vya simu", maneno hayo yamebeba nini? Yanaweza kuwa kava za plastiki. Yanaweza kuwa pawabenki 500. Baadhi ya mawakala wa mizigo hupenda maneno mapana kwa sababu yanapita haraka, na mwenye mzigo hufurahi kwa kuwa nauli inakuwa nafuu. Ubaya ni kwamba mpakiaji uwanjani hana kingine cha kumwongoza, na mwenye mzigo mara nyingi amepanda ndege ileile.

Yote haya yanakuwa magumu zaidi yanapofika kwenye lugha za ukanda. Ripoti rasmi za uchunguzi hapa kwetu huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya watu wa Jumuiya. Tangu hapo Jumuiya imepokea Burundi na Kongo, ambako maofisa wengi wa anga wamesomea kwa Kifaransa. Jumuiya ina chombo chake cha usalama wa anga, CASSOA, chenye makao Entebbe, ambacho kazi yake kubwa ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Kanuni zikioanishwa na ripoti zikabaki kila moja na mtindo wake, mkaguzi wa Bujumbura ataisoma ya Nairobi kwa kubahatisha.

Wapo wanaodai jibu ni kutafsiri kila kitu. Wazo ni zuri, ila linahitaji wahariri kabla ya watafsiri, maana Kiswahili kina mitego yake katika jambo hili. Neno "ndege" ni mnyama na ni chombo. Katika mzozo wa ET302, ambapo swali zima ni kama ndege wa porini aligonga kipimo, herufi chache tu za upatanisho ndizo zinazobeba maana. "Ndege amegonga ndege" ni kunguru au tai aliyegonga chombo. "Ndege imegonga ndege" ni vyombo viwili vimegongana angani. Mzungumzaji wa Unguja au Tanga hatakosea. Lakini katika mitaa mingi ya Nairobi, Kampala na Goma upatanisho huo huteleza kila siku na hakuna anayejali, kwa sababu mazungumzo ya ana kwa ana hujisahihisha. Ripoti haina mtu wa kuiuliza. Mhariri mzuri angeandika "ndege wa porini" kila mara hata kama inachosha, au angefufua neno la zamani la pwani, nyuni.

Saa nazo. Ripoti za ajali hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. ET302 iliruka saa 05:38 kwa hesabu hiyo. Kwa saa ya uwanja wa Addis Ababa ilikuwa 08:38. Kwa Mswahili ni saa 2:38 asubuhi, na Waethiopia wenyewe katika maisha ya kawaida huhesabu hivyo hivyo. Mtafsiri mwenye haraka akiandika "saa 5:38 asubuhi" amesogeza ajali mbele kwa saa tatu, na aliyekuwa uwanjani asubuhi hiyo ataanza kutilia shaka ripoti nzima. Kosa la namna hiyo huliona mtu wa pili, kwa sababu aliyeandika anasoma alichokusudia.

ICAO lina mwongozo wa jinsi ya kuandika ripoti hizi, na wachunguzi wa ukanda wanaufahamu. Kinachokosekana ni mtu. Ofisi za uchunguzi zina marubani na wahandisi, wachache kwa idadi na wenye kazi nyingi. Mhandisi anayejua kusoma kinasa safari hana sababu ya kuwa fundi wa sentensi pia. Bajeti inapopangwa, nafasi ya mhariri huonekana anasa. Kisha tarehe ya siku 30 inakaribia, waziri anasubiri kamera, mawakili wa kampuni na wa familia wanasubiri neno la kushika, na rasimu inatoka kama ilivyo. Shinikizo hilo ni la kweli. Siku mbili za kusoma kwa sauti, mbele ya mtu ambaye hakushiriki uchunguzi, bado zinatoshea ndani ya siku 30. Na kama maofisa wanahofia kwamba muhtasari wa Kiswahili utakuja kutumika mahakamani, mstari mmoja unaosema nakala ya lugha ya awali ndiyo itakayofuatwa unatosha. Mikataba ya biashara hufanya hivyo kila siku.

Anayeuhitaji muhtasari huo si msomaji wa Chicago. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walikufa wakiwamo marubani wote wawili, na 24 walipona. Waliofika kwanza kwenye ndege iliyokuwa ikizama walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wakazi wa mwambao ule, kutoka Bukoba mpaka ng'ambo ya Uganda, wamejenga maisha yao juu ya uvuvi na biashara ya mpakani, na ndege za Bukoba hupita juu ya maji yao. Siku nyingine yoyote, wao ndio watakaofika kwanza tena. Mlango wa ndege unafunguliwaje kutoka nje, kamba ifungwe wapi na isifungwe wapi, nani apigiwe simu kabla ya kusukuma mtumbwi: mambo hayo huwa na kurasa zake katika uchunguzi wa ajali ya majini, na mvuvi asiyesoma Kiingereza huyapata kwa kusimuliwa na aliyesimuliwa.